Pingamizi la Marehemu

Wajukuu wangu wamebuni njia ya kuondoka sebuleni ambayo wanadhani sijaitambua. Mmoja hukumbuka simu, mwingine hukumbuka maji yaliyo jikoni, na wa tatu huondoka kwa sababu wale wawili wameondoka. Hutokea kila ninapouliza swali langu. Mtu ameingia na habari kwamba fulani ameuza shamba, au kwamba daraja limebomoka, nami namuuliza kwa upole wote nilionao: "Nani alikuambia, naye alikuwapo?" Siulizi kwa ubaya. Binti yangu mkubwa aliniarifu majuzi kwamba watu wanaogopa hata kunisalimu, kwani wakisema hawajambo nitataka uthibitisho. Nilimuuliza ni watu gani hao. Alikumbuka simu.

Uzee humpa mtu ruhusa nyingi ambazo hakuna aliyezitia sahihi. Namfahamu mzee mwenzangu anayewauliza wanawake asiowajua kwa nini wamenenepa, na mwingine ambaye hutaja saa kwa sauti kanisani mahubiri yanapoendelea. Mimi najihesabu miongoni mwa wenye madhara madogo. Zaidi ya hayo, kasoro yangu sikuibuni. Niliirithi kwa mtu ambaye yake ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hii, na ambaye nusura aninyime mke.

Mtu huyo alikuwa baba yangu mkubwa. Baba mzazi alifariki nikiwa mdogo, na ndugu yake huyu akanilea, akanisomesha, akanifundisha kukaa wima. Alikuwa mkalimani wa mahakama katika Homa Bay kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza. Mahakamani alizoea jambo moja lililompendeza kuliko mshahara: shahidi akisema "nilisikia kwamba," hakimu alimnyamazisha. Alipostaafu na kurudi nyumbani, upande wa Ndhiwa, aligundua kwamba huko hakuna aliyemnyamazisha yeyote.

Kilichomharibu kabisa ni mazishi ya jirani yetu mmoja. Jirani huyo alikuwa bahili wa kutajika. Mgeni alipofika kwake alionyeshwa kisima na kuachwa hapo. Siku ya kuzikwa kwake, watu saba walisimama mbele ya jeneza, mmoja baada ya mwingine, wakausifu ukarimu wake. Baba mkubwa alirudi nyumbani amejaa hasira. Alisema hatakubali kuzikwa namna hiyo. Alisema mtu huhudhuria kesi yake akiwa hai, lakini hukumu iliyo kubwa kuliko zote husomwa wakati mshtakiwa hawezi kuinua mkono.

Basi akaanzisha utaratibu wake. Mgeni aliyefika kumwamkia alikaribishwa katika duol, ile nyumba ndogo iliyo karibu na lango ambamo mzee wa boma hukaa na wanaume wenzake. Alipewa chai. Alipoinuka kuaga, baba mkubwa alijilaza chali juu ya kitanda chake cha kamba, akajifunika uso kwa kofia yake ya pama, akakunja mikono kifuani na kusema:

"Nimekufa. Sema ulichokuja kusema."

Mgeni alitakiwa atoe pale pale hotuba ambayo angeitoa siku ya mazishi. Waliojaribu kucheka waliambiwa kwamba matangani hakuchekwi. Waliojaribu kuomba walijibiwa kwamba sala ina mahali pake kwenye ratiba. Na walioanza kusema, wakisema alivyokuwa mpole, alivyowapenda watu wote, walisikia sauti kutoka chini ya kofia:

"Marehemu anapinga. Lini uliniona nikiwa mpole? Taja siku."

Msomaji asiye wa kwetu huenda akaliona hili kuwa mzaha wa mzee. Kwetu halikuwa mzaha hata kidogo. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na kama kifo kikiitika, watu hawatasahau ni nani aliyekuwa akiita. Kwa hiyo wageni walipungua. Katekista alianza kuja na mguu mmoja ukiwa bado juu ya baiskeli. Njia iliyopita langoni mwetu ikaota majani, na watu waliokwenda sokoni Ndhiwa wakachagua kuzunguka kwa kinamasi, wakivua viatu, kuliko kukatiza mbele ya duol. Hata huko kwenye kinamasi walimsikia. Sauti iliyokuwa imejaza mahakama kwa miaka mingi haikuzuiwa na ukuta wa udongo.

Mimi wakati huo, mwaka wa pili baada ya Uhuru, nilikuwa mwalimu katika shule moja karibu na Homa Bay, na niliona jambo hilo kwa mbali na kwa haya. Kisha nikataka kuoa.

Msichana alikuwa mwalimu mwenzangu, akifundisha darasa la pili, mzaliwa wa Sori kandokando ya ziwa. Sitasema alivyokuwa mzuri. Aliyemwona anajua, na asiyemwona itambidi aniamini, jambo ambalo simshauri mtu. Baba yake alikuwa na mashua za uvuvi na alikuwa mzee wa kanisa. Alikubali kuja kuliona boma letu pamoja na ndugu yake na dada yake, yaani shangazi wa msichana, mwanamke mrefu aliyekuwa akizungumza kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya ghuba.

Siku mbili kabla yao, nilimwendea baba mkubwa na kumpigia magoti.

"Baba, nakuomba. Siku hiyo usife."

"Nimekusikia," akasema.

Nilipaswa kulipima neno lile. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupima maneno.

Wageni walikuja, wakala jogoo na ugali wa wimbi. Samaki hatukuwapa, maana kumpikia mtu wa Sori samaki ni kumtafutia dosari. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba mkubwa aliwauliza habari za njia, habari za ziwa, habari za maji yaliyokuwa yamepanda na kufunika mashamba ya ufukweni. Mama mkubwa, mkewe, alipitisha maji ya kunawa. Nikaanza kutulia. Ndipo baba wa msichana alipofuta midomo, akasema, "Basi, mkwe, tuage."

Baba mkubwa akajilaza. Kofia ikashuka.

"Nimekufa," akasema. "Wakwe husemeshwa kwanza, kwa sababu wametoka mbali."

Baba wa msichana alimtazama ndugu yake, akanitazama mimi, akaitazama tena ile kofia.

"Mzee," akasema polepole, "tumekuja hapa kwa ajili ya uzao."

"Marehemu anakubali. Endelea."

"Siendelei! Unataka nikulilie nikiwa na ugali wako tumboni? Kesho ukifa kweli, nitasema nini kwa watu?"

"Utasema yale utakayosema leo, baada ya kusahihishwa."

Baba wa msichana alitwaa fimbo yake na kutoka. Ndugu yake alimfuata akiwa bado na kipande cha jogoo mkononi. Shangazi ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akasimama kando ya kitanda, akamwinamia marehemu wetu, na kumwambia, "Baba, wewe una ugonjwa, na ugonjwa wako ni kukosa kazi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kijana, usilie. Unatoa makamasi."

Jumatatu iliyofuata, shuleni, msichana alinisubiri kando ya mlingoti wa bendera.

"Baba anasema atamtoa binti yake kwa boma lenye mzee. Boma lenye maiti anayejibu maswali hataki."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sitaolewa matangani, Mwalimu. Shangazi amemwomba baba asifunge mlango. Mzee wako akiacha mambo yake mpaka mavuno, watarudi. Akimlaza mtu mmoja tu, yaani akijilaza mbele ya mtu mmoja tu, basi. Na tutajua. Sori tunajua kila kitu."

Nilitaka kumuuliza wanajuaje. Kwa mara ya kwanza maishani nilijizuia.

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi nyumbani. Nilimkuta baba mkubwa akinoa kisu cha kukatia tumbaku. Nilimweleza kila kitu bila kupunguza. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza washtakiwa, huku macho yakiwa ukutani.

"Unataka nizikwe kwa uongo," akasema mwishowe.

"Nataka kuoa, Baba."

"Mtu anaweza kuoa tena. Kuzikwa ni mara moja."

"Mimi nataka kuoa huyu."

Aliendelea kunoa kisu kilichokuwa tayari kinang'aa. Kisha akauliza, "Mpaka mavuno?"

"Mpaka mavuno."

"Sisemi nimesikia," akasema. "Safari hii nasema nimekubali."

Naye alitimiza. Nilithibitisha mwenyewe kila mwisho wa wiki, na kuthibitisha kwangu kulinitia uchungu. Wageni walianza kurudi, wakanywa chai, wakaaga, wakaondoka salama. Katekista alishusha miguu yote miwili. Lakini baba mkubwa alikuwa kama mashine iliyoondolewa mkanda. Mgeni akiaga, midomo yake ilicheza bila sauti na mkono wake ulikwenda kwenye kofia, ukaigusa, ukarudi. Watu walisimulia habari za uongo mtupu mbele yake, za mamba aliyesali na za mbuzi aliyezaa mtoto mwenye miwani, naye aliitikia, "Ehe." Mama mkubwa aliniambia kando, "Mwanangu, huyu mtu umemzima." Duol ikanyamaza. Wapitao kinamasini hawakusikia kitu.

Sasa naeleza jinsi habari ilivyotokea, na hapa sikisii, kwa sababu nilifuatilia baadaye mtu kwa mtu. Mwanamke mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Ndhiwa alisema, "Siku hizi yule mzee hatumsikii." Alisema kweli. Mnunuzi wake akaenda kumwambia mwenziwe kwamba yule mzee amenyamaza kabisa, jambo lililokuwa kweli kwa sehemu. Huyo mwenziwe akauliza kama ni mgonjwa, na swali lake, lilipofika kwa mshona viatu, lilikuwa limekwisha kuwa jibu. Mshona viatu alisema ni tumbo. Lori lililobeba mahindi likaichukua habari jioni ile kuelekea ziwani, na lilipofika Sori mzee alikuwa amefariki kwa tumbo, akiwa ametulia, baada ya kuwaaga jamaa zake kwa majina. Walihitajika watu wanne tu na lori moja. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja aliongeza kidogo tu, kama mtu anavyoongeza chumvi bila kujua kwamba mwingine ameshatia.

Asubuhi iliyofuata mwendesha baiskeli aliyebeba barua za misheni alisimama mlangoni mwa darasa langu, akavua kofia na kusema, "Pole, Mwalimu. Baba yako."

Ningependa kuandika kwamba nilimuuliza, "Nani alikuambia, naye alikuwapo?" Sikuuliza. Niliitupa chaki, nikachukua baiskeli, nikapanda milima ile yote nikilia kwa sauti, na njiani niliwajulisha watu wasiopungua sita kwamba amefariki. Wale sita nao walikuwa na jamaa zao. Kwa hiyo nami nimo katika ile orodha ya wauza maneno, na nafasi yangu si ya chini.

Nilifika mchana. Boma lilikuwa tulivu. Mama mkubwa alikuwa amekwenda shambani. Niliingia duol nikiwa nimejaa vumbi na machozi, nikamkuta marehemu ameketi juu ya kitanda chake akipasua karanga.

"Umefukuzwa kazi?" akauliza.

Nilikaa chini. Nilipomweleza, hakucheka. Alitaka kujua jina la kila aliyehusika na saa aliyosema. Nilikuwa bado najibu niliposikia kilio nje ya lango. Sauti iliyotangulia nyingine niliitambua mara moja: ilikuwa inaita mtu ng'ambo ya ghuba. Watu wa Sori walikuwa wamekuja kulia, ingawa undugu wetu ulikuwa haujakamilika, kwa sababu walikuwa wamekula ugali wetu.

Niliruka niende kuwazuia. Baba mkubwa alinishika mkono.

"Ngoja."

"Baba, uliahidi! Mavuno bado!"

"Niliahidi kutomwomba mtu yeyote anililie. Hawa nimewaomba?" Akaziweka karanga chini ya mto, akajilaza, akachukua kofia. "Nenda ukasimame mlangoni. Usiseme uongo wowote."

Nilisimama mlangoni. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo nalionea haya kuliko yote, maana nilikuwa nimesoma, na nilijua wajibu wangu. Lakini niliwaza kwamba nikitamka neno, watu hawa watageuka kwa aibu na kurudi ziwani, na sitamwona tena yule msichana ila kwenye gwaride la asubuhi. Machozi yangu hayakuwa yamekauka. Baba wa msichana aliyaona, akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Waombolezaji wengine wako wapi?"

"Hawajafika," nikasema. Na kwa maana finyu ya kisheria, ilikuwa kweli.

Wakaingia. Ndani mlikuwa na kiza kwa mtu atokaye juani. Walichokiona ni mwili ulionyooka na kofia juu ya uso. Ndugu wa baba wa msichana alibaki karibu na mlango, kama mtu asiyependa maiti. Shangazi alinyamaza kulia na kujifuta. Baba wa msichana aliishika fimbo yake kwa mikono miwili, akakohoa.

"Huyu aliyelala hapa," akaanza, "alikuwa mtu wa maneno machache."

Niliona kidole cha mguu kikijikunja.

"Alikuwa rafiki yangu mkubwa."

Kidole cha pili. Nilikohoa kwa nguvu.

"Kaka," shangazi akasema, "unamdanganya nani? Uliondoka hapa ukimwita mwendawazimu. Njia nzima."

"Dada, hapa ni msibani!"

"Ndiyo maana. Sema kweli, twende tukanywe maji."

Baba wa msichana alimgeukia marehemu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine, bila kanisa ndani yake. "Ni kweli. Nilimkasirikia. Niliona ni mzee anayewatesa watu kwa sababu hana wa kumtesa. Lakini mtu mwenye umri huu aliambiwa aache jambo alilolipenda kwa ajili ya mtoto ambaye hata hakumzaa, na akaliacha. Mimi watoto wangu tisa wameniambia niache tumbaku, sijaacha. Basi nasema mbele yake, kwa kuwa hanisikii: binti yangu ataolewa hapa. Mzee huyu aliacha kweli. Kila mtu sokoni Ndhiwa ameniambia."

Na hapo, baada ya kuvumilia kuitwa mtu wa maneno machache, baada ya kuvumilia urafiki, baba mkubwa alishindwa.

"Nani alikuambia?" ikauliza kofia. "Naye alikuwapo?"

Ndugu wa baba wa msichana alitoka. Sisemi alikimbia, kwa sababu sikuona miguu yake; niliona kiatu kimoja kikibaki. Shangazi alipiga ukelele, kisha akampiga marehemu kwa mkoba, mara mbili, ya kwanza kwa hofu na ya pili kwa makusudi. Karanga zikamwagika. Baba wa msichana alirudi nyuma hadi ukutani na kubaki hapo, fimbo imeinuliwa.

"Wewe ni mzima!"

"Sijawahi kusema vinginevyo. Muulize kijana."

"Basi maneno yangu nayarudisha! Yote! Nilisema na maiti!"

"Umesema mbele ya mashahidi watatu na marehemu," akasema baba mkubwa, akiketi na kuivaa kofia vizuri. "Mahakamani tungeandika."

Nilidhani mambo yamekwisha. Aliyeyaokoa ni shangazi. Alikuwa amejiegemeza mlangoni, mkono kifuani, akitafuta pumzi, nami sikujua kama analia au anacheka.

"Kaka," akasema, "ulimpa binti yetu ukidhani huyu amekufa. Ukimnyima sasa kwa sababu yuko hai, maana yake ni kwamba ulimtaka amekufa. Hilo utalieleza kanisani wewe. Mimi sitakuwapo."

Baba wa msichana aliishusha fimbo. Alimtazama yule mzee kwa muda, na mzee akamtazama, na nadhani kila mmoja aliona mbele yake mtu ambaye angemsumbua kwa miaka mingi.

"Siku ya arusi," akasema hatimaye, "hajilazi."

"Marehemu anakubali," akasema baba mkubwa.

Hakujilaza. Alisimama siku nzima, akiwa na kofia mkononi, na hakuna aliyemwomba aketi kwa kuogopa kwamba angepitiliza.

Alifariki miaka michache baadaye, kabla muongo ule haujaisha. Nilikuwapo, na hili nalisema kwa kuona. Mazishi yake yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria Ndhiwa. Kila msemaji alisimama, akalitazama jeneza, akafikiri, akasema jambo moja alilolishuhudia mwenyewe, na kuketi upesi. Baba mkwe wangu alisema, "Alinidanganya mara moja tu, nami nikapata mkwe." Kisha akasubiri kidogo, kichwa amekiinamisha, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu.

Mke wangu ni yule mwalimu wa darasa la pili. Tumeishi pamoja miaka mingi kuliko wanayoamini wajukuu, na Sori bado wanajua kila kitu. Jana jioni dada yake mdogo alipiga simu, na mke wangu akaanza kunisimulia kwamba jirani wa binamu yao ameoa tena, kwa siri, mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikamuuliza nani aliyemwambia, na kama alikuwapo.

Aliichukua kofia yangu kutoka msumarini, akanifunika nayo uso, akaendelea na habari yake hadi mwisho.